Daftari la Mlangoni

Kwa miaka ishirini na miwili Adelina aliwapikia masista supu bila kujua kwamba jina la mama yake lilikuwa juu ya kichwa chake, ghorofa mbili kutoka jikoni, ndani ya kabati lililofungwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Forest, upande wa kusini wa Brussels, ya matofali mekundu, na kapela yake ndogo na bustani ambayo kila mwaka iliangusha matunda mengi kuliko yaliyoweza kuliwa. Adelina aliingia pale mwaka 1993. Mumewe, Kabeya, alikuwa akifunga milango ya magari katika kiwanda cha mtaa ule ule, na mshahara wa mtu mmoja haukutosha. Siku aliyobisha hodi hakuwa na barua ya kumtambulisha wala cheti cha upishi. Alisema tu kwamba alilelewa Kalwembe. Sista aliyefungua mlango alimshika mikono yote miwili, akamwingiza ndani, akawaita wenzake: njooni mwone, mtoto wetu amekuja.

Na kweli alikuwa mtoto wao. Shirika lile lile ndilo lililoendesha misioni ya Kalwembe, kaskazini ya Katanga, na ndilo lililomlea Adelina tangu akiwa na miaka minne hadi alipoolewa. Kadi yake ya kitambulisho ilimwita Adelina Avril, aliyezaliwa tarehe mosi Januari 1951. Jina la Avril, yaani Aprili kwa Kifaransa, walimpa masista, kwa kuwa aliletwa misioni mwezi huo. Tarehe nayo walimpa wao, kwa kuwa ndiyo wanayopewa watu wasio na tarehe.

Baba yake alikuwa Mbelgiji mmoja wa serikali, mama yake mwanamke wa kijijini. Enzi zile watoto wa namna hiyo walikuwa aibu kwa wakoloni. Wakala wa serikali alipita vijijini kuwatafuta, na yeyote mwenye ngozi nyepesi aliyemkuta mgongoni mwa mama mweusi aliandikwa, akachukuliwa, akapelekwa misioni. Kalwembe walikuwa sitini na zaidi. Walikula pamoja, walisali pamoja, na walipolia walilia pamoja, mpaka mmoja mmoja akaacha.

Adelina aliacha akiwa na miaka saba. Siku hiyo mama mkuu wa misioni alimweka mbele yake, akamwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mkali: "Usimlilie mama yako. Alikuleta yeye mwenyewe, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Sasa mama yako ni Bikira Maria."

Mtu hujenga katika kiwanja alichopewa. Adelina alijenga juu ya maneno yale. Alisali vizuri, alifua vizuri, aliolewa na mtu mpole, akavuka bahari, na hakumtafuta mtu ambaye hakumtaka. Binti yake wa pekee, Graciella, alipokuwa na miaka minane aliuliza kwa nini wenzake wana nyanya wawili na yeye ana mmoja. Adelina alikuwa akimenya viazi. Alisema, "Mi sina mama. Nilitoka mu misioni," akaendelea kumenya. Mwaka uliofuata alimpeleka bweni, shule ya masista kule Namur, akamwacha langoni, akaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuona ubaya wowote. Alidhani ndivyo akina mama wanavyofanya.

Katika nyumba ile ya Forest alikuwa na rafiki mmoja, Sista Godelieve. Yeye ndiye aliyeshika funguo za stoo. Kila asubuhi aliacha kikaratasi mezani jikoni: vitunguu maji kilo mbili, maziwa lita saba, samaki wa Ijumaa. Mwandiko wake ulilala upande wa kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo, na kila tarakimu ya saba aliikata kistari katikati. Aliwahi kuishi Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha misioni, cha adabu. Wakiwa wawili jikoni walizungumza lugha ile na kucheka. Adelina alimuuliza zamani zile alikuwa wapi hasa.

"Likasi," alisema Sista Godelieve. "Nilifundisha shule Likasi."

Basi. Miaka ikapita, Kabeya akafariki, Adelina akastaafu. Masista wakapungua, kutoka kumi na tisa hadi watano.

*

Desemba ya mwaka 2024 televisheni ilitangaza kwamba mahakama ya rufaa ya Brussels imewapa haki wanawake watano, wazee, machotara wa Kongo, waliochukuliwa na serikali kutoka kwa mama zao wakiwa watoto. Adelina alikuwa amekaa na pasi mkononi. Alisikia neno moja likirudiwarudiwa: kutekwa. Akina mama hawakuwatoa watoto wao. Watoto walitekwa.

Alisahau pasi juu ya kitambaa mpaka moshi ukatoka.

Kesho yake alipanda tramu hadi mjini, akashuka barabara ya Chaussée d'Ixelles kwa miguu, akaingia katika famasi alikofanya kazi Graciella, akasimama kwenye foleni kama mgonjwa. Zamu yake ilipofika alisema, "Uniandikie barua."

"Barua ya nini, maman?"

"Ya kuuliza jina ya mama yangu."

Graciella alikuwa na miaka arobaini na sita. Hakuwahi kumsikia mama yake akitamka maneno hayo mawili, mama yangu, yakifuatana. Aliomba ruhusa dakika kumi, wakaandika barua nyuma ya famasi, juu ya maboksi ya dawa.

Waliliandikia shirika la masista barua tatu kwa jumla. Ya kwanza ilijibiwa kwa heshima kwamba shirika linaungana naye katika sala. Ya pili, kwamba nyaraka za Kalwembe ziliteketea wakati wa vita. Ya tatu haikujibiwa. Adelina alianza kuamka alfajiri na kukaa kitandani akijaribu kukumbuka. Alikuwa na miaka minne alipochukuliwa. Mtoto wa miaka minne anajua uso wa mama yake. Alifumba macho, akabana meno, akavuta kumbukumbu kama anayevuta ndoo ya kisimani, na kila mara ndoo ilipanda tupu. Hakukuta uso wala sauti. Barabara nyekundu tu, na mguu wa mtu aliyevaa kiatu.

"Nilimusahau," alimwambia Graciella kwenye simu. "Yeye alinizaa, na mi nilimusahau. Ni muntu gani anafanya vile?"

*

Mei, nyumba ya Forest iliuzwa ili ijengwe fleti. Masista watano waliobaki walikuwa wanahamishiwa nyumba ya wazee. Kabla ya kuondoka waliandaa misa ya kuaga, wakawaalika majirani na wote waliowahi kufanya kazi pale. Adelina hakutaka kwenda. Graciella alisema ataenda naye, wakae nyuma, watoke mapema.

Misa ilikuwa fupi. Baadaye kulikuwa na kahawa na keki katika chumba cha kulia. Adelina alikijua kila kigae cha sakafu ile, akapita korido ya nyuma kwenda msalani, na hapo akakuta maboksi yamepangwa ukutani kutoka mlango hadi ngazi. Nje lori lilikuwa limefungua mgongo wake. Yalikuwa maboksi ya kawaida ya kuhamia, yenye maandishi ya kalamu nene: vyombo vya kapela, mashuka, hesabu. La mwisho, karibu na ngazi, liliandikwa KALWEMBE 1949–1960.

Alilisoma, akalisoma tena. Yale yaliyoteketea katika vita yalikuwa yamekaa katika katoni ya kawaida, hayana hata doa la masizi.

Alipaza sauti kumwita Graciella, sauti ambayo hakujua anayo. Wa kwanza kufika hakuwa Graciella, bali Bwana Bernard, mlei aliyekabidhiwa na shirika kusimamia uhamisho. Alikuwa mtu mwenye adabu, na miwani imening'inia kifuani. Alimweleza kwamba maboksi yale yanakwenda kwenye hifadhi ya nyumba mama, makao makuu ya shirika, nje ya nchi. Akitaka kuyaona aandike maombi. Ila afahamu kwamba mafaili ya watu binafsi hufungwa kwa miaka mia.

"Cent ans?" alisema Adelina. "Papa, mi niko na septante-quatre, sabini na ine."

"Ninasikitika sana, madame. Si mimi niliyeweka sheria."

"Kila mara si ninyi."

Adelina aligeuka. Alishika ukuta, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akaketi juu ya boksi la Kalwembe. Aliweka mkoba wake mapajani na mikono juu ya mkoba.

Graciella alifika wakati huo, na nyuma yake watu wenye vikombe mikononi. "Maman," alinong'ona, "simama, tafazali. Bantu banatuangalia."

"Baangalie."

"Utaanguka."

"Nitaanguka hapa hapa. Mi sitoke."

Bwana Bernard aliwaita wabebaji wawili waliokuwa nje. Mmoja, jitu la Uvira lenye mabega mapana, aliitwa Amissi. Alimtazama mama aliyeketi, akatazama boksi, akamtazama Bwana Bernard anayeeleza kwa Kifaransa kwamba boksi hili lazima liingie garini. Kisha akaongea na Adelina kwa Kiswahili.

"Mama, ndani muko nini?"

"Muko mama yangu."

Amissi alivua glavu zake. Alimwambia Bwana Bernard kwamba kwao mtu habebi mzigo uliokaliwa na mama wa mtu, na kwamba yeye na mwenzake wana haki ya mapumziko. Wakaketi ngazini wote wawili.

Bwana Bernard alitaja polisi, lakini hakutoa simu. Watu walianza kurudi kwenye keki zao, wakitembea kwa ncha za viatu. Ndipo ikasikika sauti ya magurudumu madogo, na Sista Godelieve akatokea akisukuma kigari chake cha kutembelea. Alikuwa na miaka tisini na miwili, mgongo umepinda, macho bado makali. Alisimama mbele ya boksi, akasoma maandishi, akamtazama Adelina.

"Fungua, Bernard," alisema.

"Ma sœur, haturuhusiwi."

"Mimi ndiye mkubwa katika nyumba hii mpaka saa kumi na moja jioni. Fungua."

Bwana Bernard akasema lazima apige simu kuomba idhini, akatoka bustanini, na alikaa huko muda mrefu kuliko simu yoyote inavyohitaji.

Amissi alimsaidia Adelina kuinuka, akakata utepe kwa kisu chake.

*

Cha kwanza kutoka kilikuwa kitabu kikubwa cha ubatizo, chenye jalada la ngozi. Graciella alipiga magoti sakafuni, akafungua Aprili 1955, akafuata mistari kwa kidole. Namba 41. Adelina. Baba: hajulikani. Mama: mwenyeji.

"Jina?" aliuliza Adelina.

"Hakuna jina, maman. Baliandika mwenyeji tu."

"Angalia tena."

"Hakuna."

Adelina aliegemea ukuta. Miezi yote ile, barua zile, magoti yale, na mwisho wake neno moja ambalo lingeweza kumtaja kila mwanamke wa nchi nzima. Alifumba macho. Graciella alidhani atazirai, akanyoosha mkono kumshika, na kwa kunyoosha akaangusha lundo la madaftari membamba yaliyokuwa chini ya kitabu. Moja, la buluu, la shule, lilianguka limefunguka. Jalada lake liliandikwa Parloir: chumba cha wageni. Lilikuwa daftari la mlangoni, la kuandika kila aliyefika misioni na alichotaka.

Graciella aliliokota. Alisoma kimya, akapeleka mkono mdomoni, kisha akasoma kwa sauti, akitafsiri.

"Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano. Mwanamke Nday, binti Kalenga, wa kijiji cha Mwanza-Kibi, amekuja kumwomba mtoto namba 41. Hakupokelewa."

Kidole chake kilishuka mstari uliofuata.

"Tarehe thelathini, mwezi wa tano. Mwanamke Nday. Hakupokelewa. Tarehe kumi na nane, mwezi wa sita. Mwanamke Nday. Amelala nje ya ukuta siku mbili. Hakupokelewa." Aligeuza ukurasa. "Mwezi wa saba. Mwanamke Nday. Ameleta karanga. Hakupokelewa. Mwezi wa nane. Maman, alikuya tena. Na mwezi wa kenda."

"Hesabu," alisema Adelina.

Graciella alihesabu. Ilichukua muda, kwa sababu machozi yalikuwa yanaangukia karatasi na alikuwa akiyapangusa kwa mkono wa blauzi. Miaka mitatu. Mara ishirini na tatu. Ya mwisho ilikuwa tarehe saba Februari 1958: Mwanamke Nday. Anakohoa. Hakupokelewa.

"Nipe," alisema Adelina.

Alilishika daftari karibu na uso, maana macho yake hayakuwa mazuri tena. Alitaka tu kuliona jina lilivyoandikwa. Nday. Na akiwa analitazama, aliona jinsi herufi zilivyolala upande wa kushoto. Alitazama tarehe saba. Ile saba ilikuwa imekatwa kistari katikati. Vitunguu maji kilo mbili, maziwa lita saba. Mwandiko ule aliusoma kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili.

Aliinua kichwa polepole.

"Likasi," alisema. "Uliniambia Likasi."

Sista Godelieve alikuwa ameketi kwenye kiti cha kigari chake. Hakukwepa. "Nilikwenda Likasi baadaye," alijibu kwa Kiswahili chake cha adabu. "Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa Kalwembe. Nilikuwa mlinda mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Ulinijua?"

"Siku ulipokuja hapa ukataja Kalwembe, niliuliza jina lako na umri wako. Nikajua."

"Na ukaniandikia vitunguu." Adelina alikuwa hapigi kelele, ingekuwa afadhali angepiga. "Kila siku. Tulikuwa tunacheka, ma sœur. Mi nilikuwa nakupikia potopoto, uji ya Krismasi, na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema?"

"Kwanza niliamriwa. Halafu mama mkuu akafa na amri ikafa naye, na mimi nikabaki na woga. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Hakuna sababu nyingine, Adelina. Nimeitafuta."

Amissi alisimama ngazini, akamvuta mwenzake wakatoka nje. Adelina alikaribia kigari, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Alikuwa namna gani? Sura yake."

"Sikumbuki," alisema Sista Godelieve.

"Ulimwona vingt-trois fois, mara ishirini na tatu."

"Sikumtazama usoni. Kila alipokuja nilitazama chini, nilitazama mikono yake. Kama ningemtazama usoni, ningefungua. Alikuwa na mikono mirefu. Mara nyingi ilibeba karanga za kuchemsha, katika jani. Mama mkuu alisema zirudishwe. Sikurudisha. Nilizipeleka jikoni, nikawagawia watoto wote. Ulikula, Adelina. Hilo nalijua kwa hakika. Ulikula kila mara."

Adelina alibaki ameinama. Alitafuta kinywani mwake, katika miaka sabini, ladha ya karanga zile. Kalwembe walikula karanga, ndiyo. Zilikuwa karanga tu. Aligombania na wenzake, akatema maganda, akaenda kucheza, na nje ya ukuta mtu alikuwa amesimama akisikiliza sauti za watoto akijaribu kutambua ipi ni yake.

Ndipo alipolia. Alilia kama wanavyolia kwao msibani, kwa kifua kizima, na watu wa keki waliweka vikombe chini wakatazamana. Graciella alimkumbatia kwa nyuma. Hakuwahi kumshika mama yake hivyo, na alishangaa alivyokuwa mwepesi.

"Unisamehe," alisema Sista Godelieve.

Adelina alipangusa uso kwa kiganja. "Ma sœur, si mi njo ulinikataza kuingia. Ni yeye. Umuombe yeye."

Bwana Bernard aliporudi alikuta boksi limefungwa upya kwa utepe. Hakuuliza lolote, na hakutazama mkoba wa Adelina, ambao ulikuwa umevimba. Saa kumi na moja jioni masista watano walipanda basi dogo, na nyumba ikafungwa.

*

Ingekuwa faraja kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Graciella alipata namba ya paroko mmoja wa maeneo ya Kongolo, naye akamtuma katekista kwa pikipiki kutafuta Mwanza-Kibi. Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Kijiji kilichomwa wakati wa vita vya Katanga, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Watu walitawanyika. Palipokuwa na nyumba sasa ni majani. Mzee mmoja wa jirani alikumbuka ukoo wa Kalenga, lakini hakukumbuka Nday, na makaburi hayajulikani. Kutoka pale hadi Kalwembe, katekista aliongeza kwa sababu aliulizwa, ni siku tatu kwa miguu.

Siku tatu kwenda na siku tatu kurudi, mara ishirini na tatu. Adelina alilibeba wazo hilo mchana kutwa kama jiwe ndani ya kiatu. Aliacha kula vizuri. Kwenye ofisi ya komuni, serikali ya mtaa, alimwonyesha karani nakala ya ukurasa wa daftari, akaomba jina la mama yake liandikwe katika hati zake. Karani, mama mwenye huruma, alisoma mpaka mwisho akatoa kitambaa. Lakini hakuweza. Daftari la mlangoni si cheti cha kuzaliwa. Lazima wakili, lazima mahakama, na mahakama ni miaka.

"Afazali ningebakia na uongo," alimwambia Graciella jioni moja. Walikuwa wameketi jikoni, chai imepoa. "Zamani nilikuwa na mama mubaya. Nilimuchukia, nililala vizuri. Sasa niko na mama muzuri, na siwezi hata kumuona usoni. Na alikufa anafikiri mi nilikuwa ndani na sikutoka kumuangalia."

"Ulikuwa mutoto, maman."

"Na wewe ulikuwa mutoto, kule Namur." Alisema hivyo akitazama meza. "Nilikuacha ku mulango. Ulikuwa unaniita. Nilisikia."

Graciella alikuwa amelisubiri neno hilo miaka thelathini na saba, na lilipokuja halikuwa tamu kama alivyodhani. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akamwaga chai iliyopoa, akamimina nyingine.

Kutoka nyumba ya wazee zilikuja salamu mara mbili, kwamba Sista Godelieve anaomba kumwona. Adelina hakwenda. Mara ya tatu ilikuja bahasha. Ndani yake mlikuwa na ushuhuda wa kurasa mbili, umesainiwa mbele ya shahidi, unaoeleza yote yaliyotokea mlangoni Kalwembe na majina ya waliotoa amri. Wakili alisema karatasi ile itasaidia. Adelina aliisoma yote, hata pale mwandiko ulipotetemeka. Hakuandika jibu. Ila hakuitupa ile bahasha, na alipoulizwa kama amemsamehe alisema bado anangoja mama yake aseme.

Novemba, mwezi wa marehemu, alikwenda parokiani kwake kuomba misa. Aliandika jina katika karatasi ya nia kwa herufi kubwa, akaikabidhi sakristia. Jumapili ile alivaa kitenge kipya na kuketi kiti cha tatu, Graciella kando yake. Walikuwapo Wakongo wengi, na wazee kadhaa wa Kibelgiji, na padri kijana wa Kiflamandi ambaye hakuwa na muda mrefu pale. Alisoma majina ya marehemu moja baada ya jingine. Alipofika la nne alisita, akasogeza karatasi karibu, akasema kitu kilichofanana na jina la siku ya juma katika lugha ya mbali.

Adelina alisimama. Kanisa zima liligeuka.

"Nday," alisema. "Anaitwa Nday. Muke wa Mwanza-Kibi, mutoto wa Kalenga. Ni mama yangu."

Padri akawa mwekundu masikioni. Aliomba radhi, akajaribu tena, akakosea tena.

Adelina hakuketi. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, akalitamka upya, polepole, na safari hii akina mama wa viti vya nyuma walilisema pamoja naye.